Jiwe Lisilokaliwa

Anyesi alikuwa akimimina maji juu ya udongo wa chumvi, kidogo kidogo, akisikiliza yanavyoshuka. Udongo wa mbuga ya Bahi haukubali haraka. Ukiumwagia kwa pupa, maji hujitoboa njia katikati ya kapu na kutoka chini yakiwa matupu. Ukiumwagia taratibu hulowana wote, ukaiachia chumvi yake tone kwa tone ndani ya chungu kilichotegwa chini. Alikinga tone kwa ncha ya kidole, akalionja. Lilikuwa kali. Akainamisha kibuyu tena.

Karibu naye Hana alikuwa akisukuma kuni chini ya vyungu vilivyokuwa vikichemka. Ruthu, mtoto wake mgongoni, alikuwa akikwangua ukoko mweupe wa mbuga kwa kipande cha kibuyu na kuujaza kwenye ungo. Dorkasi, mdogo kuliko wote, aliyetolewa unyagoni msimu wa mavuno ya mwisho, alikuwa akirudi na mzigo wa kuni kichwani, akitembea kama mtu anayelazimika kuikumbuka kila hatua. Na Mama Sila, mkuu wa kambi, ambaye pia alikuwa mama mkwe wa Anyesi, alizunguka na upawa wake kutoka chungu hadi chungu.

Wote walikuwa kazini. Hilo ndilo lililomtisha Anyesi kila alipoinua macho.

Ukingoni mwa kambi, chini ya mgunga mkavu, palikuwa na jiwe pana la kijivu. Tangu enzi za bibi zao, mwanamke aliyekuwa mwezini hakugusa udongo wa chumvi, wala maji yake, wala chungu, kwa kuwa chumvi iliyoguswa naye ilisemekana haigandi. Asubuhi siku zake zilipoanza alichovya kidole kwenye ngeu, udongo mwekundu uliowekwa bonge zima kando ya jiwe, akajizungushia alama kwenye kifundo cha mguu ili mtu asije akampa chungu kwa kusahau. Kisha akakaa jiweni na wenzake kusuka kamba za kufungia mizigo. Hakuna aliyemuuliza neno. Kumuuliza mwanamke kama kweli yuko mwezini kulikuwa sawa na kumvua nguo mbele za watu.

Miaka ya shibe jiwe lile halikupoa. Akiondoka huyu anakaa yule, na vicheko vya kambi vilitoka huko, pamoja na umbea na nyimbo za kuwasema waume. Sasa bonge la ngeu lilikuwa limekauka na kupasuka, na mjusi alikuwa amefanya makao ndani ya ufa wake.

Mwanzoni walifurahi. Mama Sila mwenyewe alisema kwamba mwaka huu Mungu amewapa mikono yote. Walikuwa na haja nayo. Mvua zilikuwa zimekosa tena. Wanaume waliokuwa hawajachukuliwa na askari wa boma kubeba mizigo walikuwa wameondoka na ng'ombe kutafuta majani, na Sila, mume wa Anyesi, alikuwa miongoni mwao. Huko nyumbani Nkuhungu walibaki wazee na watoto. Lakini kule stesheni ya Dodoma, ambako reli ya Wadachi ilikuwa imefika si zamani, gari moshi liliteremsha nafaka, na mwenye chumvi alipata nafaka. Kwa hiyo kambi ilikwangua, ikachuja, ikachemsha, na jiwe likakaa peke yake juani karibu siku zote.

Anyesi alipokosa siku zake mara ya kwanza, Mama Sila alimtazama tumbo kwa jicho la pembeni, akaanza kumpunguzia mizigo. Jioni akamtolea asali aliyokuwa ameificha ndani ya nguo zake, akamlambisha kwa kijiti kama mtoto. Mwezi mwingine ukaandama, ukakua, ukafa. Tumbo la Anyesi, badala ya kutoka nje, likawa linaingia ndani. Asali ikakoma. Mama Sila hakusema kitu, na kule kutosema kulimuuma Anyesi kuliko maneno.

Kisha wakatambua kuwa si Anyesi peke yake.

Nywele laini kama za mtoto mchanga zilikuwa zimeota mikononi mwa Hana. Kifua cha Dorkasi, kilichokuwa kimeanza kujaa, kilirudi kuwa bapa. Walihisi baridi mchana, jua likiwa juu ya utosi. Ilikuwa kana kwamba mtu alikuwa nyuma yao anakunja mkeka walioutembelea, akiwarudisha wote mahali walipotoka.

"Sasa sote tuna umri mmoja," Mama Sila alisema siku moja walipokuwa wakinawa, akajicheka. "Nami nilidhani nitazeeka peke yangu."

Hakuna aliyecheka naye.

Na adhuhuri, mbuga ilipokuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho, walikuwa wakisikia kutwanga. Mchi ulishuka kwenye kinu, polepole, kutoka upande wa magharibi ambako hapakuwa na kijiji wala mti. Hana ndiye aliyeuliza mara ya kwanza, "Nani anatwanga?" Wenzake waliendelea na kazi bila kumjibu, naye akaelewa kuwa wote walikuwa wakisikia tangu siku nyingi.

*

Aliyebaki nje ya jambo hili alikuwa Mwamvua.

Mwamvua alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa. Kaka yake, Abbasi, alifanya biashara ya chumvi, naye alimwacha kambini afanye kazi pamoja na wengine ili apate fungu lake, huku yeye akizunguka na punda zake. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye maneno machache na mzaha mkavu. Aliswali vipindi vyake vyote juu ya ngozi ya mbuzi, na siku asiyoswali kila mtu alijua sababu, hata kabla hajajipaka ngeu.

Siku ile alirudi kutoka visimani alasiri, akatua mtungi wake wa maji. Kivuli cha mgunga kikarefuka, saa ya swala ikafika, na ngozi ya mbuzi haikutandikwa. Mwamvua alikwenda jiweni, akatema mate juu ya bonge la ngeu ili lilainike, akajipaka kifundoni, akakaa. Alikuwa peke yake juu ya jiwe ambalo zamani lilibanana watu. Alichukua majani ya kusukia, akaanza kazi kama mtu asiyejua kwamba vyungu vyote vimekosa wa kuvitazama kwa sababu macho yote yako kwake.

"Tena," Hana alisema kwa sauti ndogo.

"Mwezi uliopita pia," Ruthu alisema.

"Na uliotangulia." Hana hakuondoa macho jiweni. "Sisi wote tumekauka, yeye peke yake anatiririka. Hiyo ni damu ya mtu mmoja kweli?"

Dorkasi akaacha kuni zimwangukie miguuni.

Hapo neno lilikuwa limeshatoka, na halikuweza kurudishwa. Mama Sila alifuta upawa kwa majani, akausimika kwenye udongo, akaondoka bila haraka kuelekea njia ya wachungaji. Alipokutana na vijana waliokuwa wakishusha mbuzi kwenda Nkuhungu, alizungumza nao huku amewapa kambi mgongo. Aliporudi alimwambia Anyesi tu, "Nimemwita Matonya."

Anyesi alijua maana yake. Matonya alikuwa ndugu wa jumbe, mzee aliyehifadhi mwavi, dawa ya sumu ya kumjaribia anayeshukiwa uchawi. Wadachi walikuwa wameukataza, kwa hiyo haukunywewa tena uwanjani mbele ya watu wote. Ulinyweshwa mbugani, mbali na masikio ya boma. Asiye na hatia huutapika. Anyesi aliwahi kumwona mtu aliyeutapika, na aliwahi kumwona asiyeutapika, naye hakuona tofauti ya matendo yao, ila tofauti ya nguvu zao.

*

Kesho yake alitafuta sababu ya kupita karibu na jiwe. Alibeba majani ya kusukia, akayaweka chini umbali wa kutosha ili mkono wake usiguse mkono wa aliyekaa.

"Unaniletea kazi au unanitazama kama nitakula mtu?" Mwamvua aliuliza.

"Nakuletea kazi."

"Basi asante. Wengine wananitazama tu."

"Wamemwita Matonya, dada."

Vidole vya Mwamvua vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. "Nimesikia. Hana anaponong'ona husikika mpaka Kondoa."

"Kwa nini usiondoke?"

"Niende wapi? Maji yako nyuma yangu, mbele ni chumvi tupu. Abbasi hajulikani yuko njia gani. Tena nikikimbia nitakuwa nimekiri." Aliinua uso. Weupe wa macho yake ulikuwa safi, na Anyesi aligundua kuwa alikuwa amesahau jinsi macho ya mtu mzima wa afya yanavyokuwa. "Ninyi mnadhani mmeanza ninyi kukauka? Kwetu ulipita mwaka wa nzige. Walikula mpaka nyasi za paa. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Nilikosa siku zangu msimu mzima, na mama yangu akakosa, na wifi zangu wote. Mume akaniona sina maana. Tulipovuna mtama mwingine nikashiba, na baada ya shibe kukaa mwilini, siku zikarudi zenyewe. Hazikurudi na mganga. Zilirudi na ugali."

"Kwa hiyo wewe hujakauka kwa kuwa unakula."

"Nakula kunde za kaka yangu. Chungu chenu si changu."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa ni kweli tu. Sheria ya kambi ilikuwa kwamba yeyote anayegusa chumvi atakula kutoka chungu kimoja, na hatakula kingine mpaka mizigo ifungwe. Waliokuwa jiweni ndio pekee waliojipikia kando. Mwamvua aliruhusiwa chungu chake siku zote kwa ajili ya dini yake, kwa kuwa Abbasi alishikilia hivyo alipomleta, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuonja alichopika. Katika miaka mizuri chungu cha kambi kilikuwa na ugali na maziwa ya mgando. Mwaka huu kilikuwa na mlenda mkavu wa porini, mizizi iliyochimbwa, na ubuyu, vikipunguzwa nguvu kwa maji kila siku. Na wote walikinywa kwa uaminifu, wakimtazama kwa chuki yule aliyekuwa na mfuko wa kunde na ulezi.

Anyesi alirudi kwenye kapu lake. Alimimina maji, akafikiri kama alivyozoea kufanya kila jambo, polepole, akiligeuza upande huu na ule.

Hana hakukaukia kwenye njaa. Alikauka kabla, wakati vibuyu vilikuwa bado na maziwa: askari walimchukua mume wake shambani, naye akawa halali wala hali, na siku zake zikaacha kuja kuanzia mwezi uleule. Ruthu alikuwa akinyonyesha, na mama anyonyeshaye hukaa muda mrefu bila kuona kitu, kila mtu anajua. Dorkasi ndiyo kwanza alikuwa ameanza. Mwezi wa msichana hupotea njia mara nyingi kabla haujajifunza kurudi. Hata Mama Sila aliwahi kumweleza jinsi zake zilivyokuwa zikija, zikikawia, zikija mara mbili, kisha zikakatika kabisa kama mvua ya mwisho. Na yeye mwenyewe, Anyesi, alikuwa amebeba udongo kutwa nzima kwa tumbo la mlenda, mpaka pete ya shaba ikamtoka mkononi bila kuvutwa. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na njaa ilikuwa imezipitia njia zote. Ukiwatazama mmoja mmoja hakukuwa na mchawi. Ukiwatazama wote kwa pamoja, wamekaa kimya kwenye mbuga nyeupe na jiwe tupu pembeni, mchawi alionekana waziwazi.

Jioni hiyo alimfuata mama mkwe wake alipokuwa akifunika makapu kwa ngozi.

"Mama, ng'ombe akikosa majani anapokea dume?"

"Unanifundisha ng'ombe sasa?"

"Nakuuliza tu."

"Hapokei. Anakonda, anakaa hivyohivyo, mpaka mvua."

"Na hatumtafuti aliyemfunga."

Mama Sila alivuta ngozi mpaka ikakaza. "Tunamtafuta, tena sana. Wewe hukuwapo mwaka ule ndugu yake Matonya alipopoteza zizi zima." Akatulia. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikia, mkamwana. Nilikulambisha asali. Nilikuwa nimekwisha kumpa jina moyoni, huyo mtoto. Mtu akiniambia kwamba hakuwahi kuwapo, kwamba ilikuwa ni njaa tu, basi nilimpenda nani? Lakini mtu akiniambia kuna aliyemchukua, angalau najua pa kutazama."

Anyesi alishika upande wa pili wa ngozi. Alimsaidia kuweka mawe juu ya ngozi ili upepo usiiondoe.

*

Jambo lililomjia asubuhi iliyofuata lilimtia hofu hata kabla hajalielewa vizuri. Mwavi ulinyweshwa mtu kwa ubaya uliokuwapo. Kama damu ingerudi kwa mwingine, huku Mrangi yupo palepale, shauri lingevunjika lenyewe. Na ili ionekane imerudi hapakuhitajika zaidi ya kidole na ngeu.

Lakini palikuwa na katazo, nalo aliambiwa unyagoni, kwa sauti za wanawake waliojifunika nyuso: mwanamke anayejipaka bila kuona siku zake, damu humkimbia moja kwa moja. Haitarudi kwa shibe wala kwa mvua. Atabaki mkavu kama jiwe alilokalia. Anyesi hakuwa mtu wa kuamini kila kitu, wala hakuwa mtu wa kudharau. Alikuwa ameona mambo mawili matatu ya unyagoni yakitimia. Alimfikiria Sila, alivyokuwa akimwimbia mtoto ambaye hajaja. Alifikiria asali. Kisha alimtazama Mwamvua aliyekuwa amemaliza kusuka, na kwa kukosa kazi alikuwa akizifumua kamba zake na kuanza upya.

Vumbi la watu watatu lilikuwa linakuja kutoka mashariki.

Anyesi aliweka kibuyu chini. Aliivuka mbuga bila kutazama kushoto wala kulia, akachutama, akakiingiza kidole kwenye ufa wa ngeu mahali alipolala mjusi. Udongo ulikuwa na uvuguvugu. Alijizungushia alama kifundoni, akakaa. Jiwe lilikuwa la moto, likamchoma mapaja. Mwamvua alimtazama mguu, kisha uso, kisha akampa nusu ya majani yake.

Matonya alikuwa mzee mfupi, mwenye mfuko wa ngozi ubavuni. Wanaume hawakukaribia mioto ya chumvi, kwa hiyo alisimama na vijana wake wawili nje ya mstari wa majivu.

"Mbukwenyi," alisalimu.

"Mbukwa," wanawake waliitikia.

"Mama Sila, umeniita kwa ajili ya yule aliyekaa."

"Ndiyo, ni yule aliyekaa."

"Waliokaa ni wawili."

Mama Sila aligeuka. Alikuwa hajaona. Upawa ulidondosha maji ya chumvi motoni, yakatoa mlio. Walilala kibanda kimoja, yeye na mkamwana wake. Walinawa pamoja, walivaa pamoja. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua, alikuwa yeye. Kuuliza kungetosha. Wote walingoja mdomo wake uulize lile jambo ambalo halijawahi kuulizwa kambini.

"Mkamwana," alisema mwishowe. "Umekaa vizuri?"

"Nimekaa vizuri, mama."

"Jiwe lina moto saa hizi."

"Nimelizoea."

Matonya alikuna kidevu. "Uliniambia anaona mmoja tu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mmoja si neno. Nimewaona wanaorudisha kidogo ili kuficha kingi. Wanamfungulia mmoja, watu wanashangilia, wanasahau wengine waliofungwa." Akaanza kufungua mfuko wake, na harufu chungu ya magome ikawafikia hadi jiweni. "Mrangi, njoo huku."

Mwamvua alijitayarisha kuinuka. Anyesi alihisi ubavu wa mwenzake ukiondoka karibu na wake, na mahali pale pakawa baridi.

Ndipo Hana alipouacha moto wake.

Alitembea kama mtu aliyeitwa na sauti ya nyumbani. Chungu chake kilikuwa kinakaribia kuganda, saa ambayo hakiachwi hata nyoka akipita, naye akakiacha. Alichutama, akachovya, akajipaka. Hakumtazama Mwamvua wala Anyesi. Alikaa upande wa pili, akayatoa macho yake mbali, kule ambako adhuhuri hutokea kutwanga.

Baada yake akaja Dorkasi, kuni zikiwa bado kichwani, akazitua pasipo mahali pake. Alijipaka haraka, na alama yake ikawa imepinda. Hakuna aliyempa mwenzake ishara. Anyesi alikuwa akitazama na hakuona hata moja. Walikuwa wakija tu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba jiwe lilikuwa na mteremko.

Wa mwisho alikuwa Ruthu.

"Huyu ananyonyesha," Matonya alisema.

"Wapo wanaonyonyesha na wanaona," alijibu Mama Sila.

Mzee alimtazama. Alilitazama jiwe lililojaa, vifundo vyote vyekundu vimepangana chini yake, na nyuso zote zimegeukia magharibi. Mkono wake ulibaki ndani ya mfuko. Mmoja wa vijana wake alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Mizigo itafungwa lini?" Matonya aliuliza, kama kwamba hilo ndilo lililomleta.

"Mikono ikirudi."

"Jumbe ataniuliza nimekuta nini."

"Mwambie umekuta jiwe limejaa," Mama Sila alisema. "Si uongo."

Alifunga mfuko. Hakuaga. Walipokuwa wamegeuka kuwa vumbi tena, Anyesi aligundua kwamba alikuwa ameifumbata kamba mpaka imemkata kiganja.

*

Mwamvua ndiye aliyeinuka kwanza. Alichimba tundu la moto nyuma ya mgunga, mahali pa wanaokaa, akabandika chungu chake na kumwaga humo kunde zote alizokuwa amebakiza, na ulezi kidogo. Kwa kuwa waliokaa hawakuruhusiwa chungu cha kambi, hakuna sheria iliyovunjwa. Harufu ya kunde ilipopanda, Dorkasi alianza kulia, bila sauti, machozi yakitiririka tu.

"Kula taratibu," Mwamvua alimwambia. "Tumbo limesahau. Ukilijaza litakukasirikia. Na msitazamie kesho mkaona, ninyi. Mwili uliotishwa hauamini haraka. Unataka kushiba leo, na kesho, na mwezi kesho, ndipo useme, aa, kumbe ni kweli."

"Na kunde zitatosha mwezi?" Ruthu aliuliza.

"Hazitoshi hata juma. Mwombeeni Abbasi punda wake wasilale njiani."

Hana alicheka, kicheko kidogo kilichokwaruza. Kilikuwa cha kwanza jiweni tangu mvua zilipokosa.

Anyesi alikula. Hakujua nani kati yao alijipaka kwa uongo kama yeye, na hakuna ambaye angejua kamwe. Labda wote. Labda mmoja alikuwa ameona kweli, asubuhi ileile, akangoja wa kumtangulia. Mguu wa Hana ulikuwa na mchirizi ulioshuka chini ya alama, mwembamba, uliokolea kuliko ngeu. Anyesi aliondoa macho. Chini ya kitovu chake mwenyewe kulikuwa na kitu kilichokaza, kikaachia, kikakaza. Ilikuwa ni kunde, au ilikuwa ni lile katazo likimfunga. Alikaa akilisikiliza kama alivyosikiliza maji kwenye udongo, na hakuweza kuamua.

Ng'ambo ya majivu Mama Sila alikuwa peke yake na mioto. Hakuwa na haki ya jiwe. Alikuwa amelipita umri wake. Alikwenda akichochea hapa, na pale pakazimika. Akirudi pale, hapa pakafa. Chungu cha Hana kilikuwa kimeungua pembeni, na maji ya Anyesi yalikuwa yanafurika kwenye chungu cha chini bila mtu wa kuyaondoa. Mwisho aliuacha upawa. Aliteka mlenda wake kutoka chungu cha kambi, akaunywa akiwa amesimama, akiwatazama.

"Mama," Anyesi aliita. "Njoo ukae karibu."

"Nikikaa nitagusana nanyi, na kesho nitagusa chumvi." Alifuta mdomo. Jua lilikuwa limeshuka, na mbuga ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. "Hayo maji hayatachemka leo. Nitayafunika. Kesho nitakwangua mwenyewe mpaka nitakapofikia, na ninyi sukeni kamba. Kamba nazo zinatakiwa."

Alianza kuyafunika makapu kwa ngozi, moja baada ya jingine, akitafuta mawe ya kuyakandamiza kwa kupapasa, kwa maana hapakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.